Ncha ya Pili ya Bomba

Kila asubuhi, kabla hajatia kitu tumboni, Tressa Boggs alimtembeza kondoo wake kutoka zizini hadi kwenye sanduku la barua lililokuwa kando ya barabara, kisha akamrudisha. Kondoo huyo aliitwa Biskuti. Alitembea kama anayekufanyia hisani, na akichoka hisani alisimama katikati ya njia akakutazama mpaka uone haya. Tressa, mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa amemvuta na kumbembeleza hivyo majira yote ya joto, kwa sababu ya siku moja tu: Ijumaa ya maonyesho ya kilimo ya wilaya.

Sheria ya maonyesho ilijulikana na kila mtoto wa klabu ya wafugaji katika vilima vile vya kusini mwa Ohio. Mnyama apimwe kwenye mizani kabla ya saa kumi na mbili jioni siku ya Ijumaa. Ikigonga saa kumi na mbili, lango linafungwa, na mnyama anarudi nyumbani hata kama ni wa mwenyekiti mwenyewe.

Alhamisi, walipokuwa wakipita nyuma ya pikapu ya babu yake, Biskuti alisimama tena. Safari hii hakuwa na kiburi. Alikuwa ananusa kokoto. Chini ya gari palikuwa na kidimbwi kidogo chekundu.

Tressa alidhani ni damu. Aliinua kwato za Biskuti moja baada ya nyingine, akakuta zote nzima, na kwa usumbufu huo akapigwa kichwa pajani. Ndipo alipochovya kidole. Kilikuwa kitu cha kuteleza, chenye harufu ya mafuta yaliyoungua kidogo.

"Babu," aliita, "gari lako linatokwa damu."

Babu Verlin alitoka na kikombe cha kahawa mkono mmoja na fimbo mkono wa pili. Majira ya kuchipua yaliyopita madaktari walimtoa nyonga ya zamani wakamwekea ya chuma, wakamkataza kutambaa chini ya kitu chochote kwa mwaka mzima. Marufuku hiyo ilimuuma kuliko upasuaji wenyewe.

"Oili ya injini huwa nyeusi," alisema, akiinama kadiri nyonga ilivyomruhusu. "Maji ya rejeta ya gari hili ni ya kijani. Nyekundu ni ya giaboksi."

"Kwa nini waliitia rangi nyekundu?"

"Ili wajukuu wasiojua wadhani ni damu, waniharakishe kabla sijamaliza kahawa."

"Na giaboksi ikikosa oili?"

Babu hakutania tena. "Inaungua. Na hatuvuti trela kwenda popote mpaka tujue inavujia wapi."

Waliwapigia simu mafundi wa mjini. Wiki ya maonyesho kila mtu hukumbuka kwamba ana trela, kwa hiyo nafasi ya karibu ilikuwa Jumanne. Mjomba alikuwa amekwenda Kentucky na gari lake kununua ng'ombe. Gari la mama yake Tressa, muuguzi wa hospitali ya wilaya, lilikuwa dogo kiasi kwamba Biskuti ndiye angeweza kulivuta.

"Basi tutalitengeneza hapa hapa," alisema Babu. "Yaani, utalitengeneza wewe. Mimi nitakaa kwenye ndoo nitoe amri. Kazi hiyo daktari hakuikataza."

Kwanza walitandaza kadibodi chini ya gari. Baada ya saa moja palikuwa na madoa matatu mekundu. Tressa alinyoosha kidole kwenye kubwa kuliko yote. "Linavujia juu ya hapo."

"Una hakika?"

"Tone limeangukia hapo, Babu."

"Tone huanguka pale linapochoka kusafiri. Hukuambiwa limezaliwa wapi."

Maneno hayo yalimwingia Tressa kama mwiba mtamu. Alitaka kujua lilizaliwa wapi. Walilipandisha gari kwa jeki, wakaliegemeza kwenye stendi nne za chuma, wakayatia magurudumu vigogo. Babu alilisukuma kwa mikono miwili kuona kama linayumba, akamruhusu aingie. Tressa alipangusa kila kitu kwa tambara mpaka kikakauka, kisha Babu akampa kopo la poda yake ya miguu.

"Nyunyizia bomba zima linalopeleka oili ikapoe, kuanzia giaboksi mpaka mbele kwenye rejeta."

"Poda ya miguu?"

"Gari nalo lina haki ya kunukia."

Alinyunyiza, akatoka chini ya gari. Babu aliwasha injini, akaiacha ingurume dakika kumi, akaizima. Tressa alirudi chini na tochi. Bomba lote lilikuwa jeupe kama mkate uliopakwa unga, isipokuwa mahali pamoja, penye kishikizo kinachoshika bomba kwenye chesisi. Hapo mstari mwekundu mwembamba ulikuwa umeshuka ukaambaa na bomba, hatua mbili nzima, kabla ya kudondoka. Aliligusa bomba chini ya kishikizo. Lilimenyeka kama ganda la yai.

"Limeoza, Babu. Kwenye kishikizo tu. Kwingine zima."

"Chumvi. Wanatumwagia barabarani majira ya baridi tusiteleze mtaroni, nayo inajificha kwenye vishikizo inatula polepole. Wewe umeokoka kwa sababu hulali nje."

Mama alipotoka zamu alipitia dukani kununua mpira wa kuungia bomba, pamoja na vibano vinne na galoni ya oili nyekundu. Babu hakuupokea mpira mpaka Tressa amsomee maandishi ya ubavuni. Mpira wa petroli unafanana nao, alisema, lakini oili ya moto ya giaboksi inaulainisha mpaka unakuwa uji. Huu ulikuwa wenyewe.

Asubuhi ya Ijumaa, saa mbili, Tressa alikuwa kwenye meza ya gereji akifanya mazoezi. Kazi ilikuwa hivi: kukata kipande kilichooza, urefu wa shubiri, kisha kuziunga ncha mbili zilizobaki kwa mpira. Lakini kabla mpira haujavikwa, kila ncha ilibidi itunishwe, ipate uvimbe mwembamba kuizunguka, kama kidole kilichovaa pete. Babu alikuwa na kifaa cha kazi hiyo: unalibana bomba katikati ya vyuma viwili, halafu unazungusha mkono wa juu mpaka mdomo wa bomba unavimba.

Jaribio la kwanza lilipasuka. La pili lilikwenda upande. La tatu lilitoka zuri hata Babu akalibusu.

"Lakini kwa nini?" aliuliza Tressa. "Si kuna vibano viwili kila upande?"

"Oili ikiwa baridi inalala. Ikipata moto, na trela nyuma, na mlima mbele, inasukuma. Kibano kinabana, lakini ule uvimbe ndio unaouambia mpira: hapa hupiti."

Binamu yake Dalton, mtoto wa mjomba, alifika saa tatu na nusu na mkate wa siagi ya karanga, akajipandisha juu ya trela. Alikuwa na miaka kumi na mitatu na maoni elfu. Nguruwe wake alikuwa amekwisha kupimwa jana.

Ncha ya kwanza ilikuwa rahisi. Ilining'inia mahali pa wazi, Tressa akaitunisha kwa dakika tano. Ncha ya pili ilikuwa imejificha juu, nyuma ya mhimili wa chuma. Kifaa kilienea, lakini ule mkono wake wa juu haukuzunguka. Kila ulipofika nusu uligonga mhimili. Alijaribu akiwa chali, akajaribu kwa ubavu. Kutu ilimwagikia miwani ya kujikinga. Kifaa kilifyatuka, kikafyatuka tena.

"Fundi," aliita Dalton juu ya trela, "umelala? Nikuletee mto?"

"Nyamaza."

"Nauliza tu. Biskuti ananiambia atakwenda kwa miguu."

Tressa alikiweka kifaa chini. Aliitazama ile ncha. Ilikuwa nyororo, safi, imesuguliwa kwa msasa. Mpira ungeifunika kabisa. Hakuna macho duniani ambayo yangeiona tena.

"Ncha zote mbili zimetuna?" Babu aliuliza kutoka kwenye ndoo yake. "Niambie sawasawa, maana macho yako ndiyo macho yangu huko."

"Ndiyo," alisema Tressa.

Neno lilikuwa dogo, likatoka bila kelele. Aliuvika mpira, akakaza vibano vinne mpaka bisibisi ikamkata kiganja. Walijaza oili. Babu aliwasha injini, akakanyaga breki, akapitisha gia zote moja moja. Tressa alimulika kwa tochi kutoka pembeni. Hapakuwa na hata tone.

"Pakavu," alisema.

Babu Verlin alimtazama kwa namna ambayo angeipenda sana siku nyingine yoyote. "Nilikuwa na miaka ishirini na miwili nilipofanya kazi kama hii," alisema. "Na yangu ilivuja."

Saa saba Tressa alimwosha Biskuti kwa ndoo ya maji ya moto na sabuni. Saa nane alimchana. Kondoo aling'aa, lakini kichwani mwa Tressa mlikuwa na swali linalopiga kwato. Labda vibano viwili vinatosha. Labda Babu anazidisha, kama anavyozidisha nguo za baridi. Alitaka kuamini hivyo, ila alikuwa na tabia mbaya ya kutopumzika kabla hajajua.

Alikwenda gerejini. Lile bomba la mazoezi lilikuwa bado mezani, ncha moja imetuna, ncha nyingine nyororo. Kipande cha mpira kilikuwa kimebaki, na kwenye kopo la makorokoro mlikuwa na vibano vya zamani.

"Dalton, njoo uvute."

Alianza na ncha iliyotuna. Akaukaza mpira, wakavuta kila mtu upande wake mpaka wakakunja nyuso. Haukusogea. Akauvika mpira kwenye ncha nyororo. Wakavuta. Haukusogea.

"Umeona," alisema Dalton. "Wazee wanapenda kazi ndefu."

"Bado. Hapo ni pakavu na pa baridi." Alilegeza vibano, akapaka oili nyekundu ndani ya mpira, akaukaza upya, kisha akauzamisha kwenye ndoo ya maji ya moto akahesabu hadi mia mbili. "Vuta sasa."

Walivuta, na mpira ukachomoka kama ulimi. Dalton alikwenda kukaa kwenye sakafu ya gereji, kitako kwanza.

Walirudia ile ncha iliyotuna, kwa oili na kwa moto. Ilikataa katakata.

Dalton alisimama akijipangusa. Alimtazama binamu yake usoni, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na maoni. "Tressa. Kwa nini unajaribu hivi?"

Akamwambia.

"Usiseme," alisema Dalton haraka, sauti ya chini. "Ukisema, Babu ataanza upya, na mtachelewa. Ni maili kumi na moja tu. Itafika."

"Na Kilima cha Pruitt?"

Kilima cha Pruitt hupandwa kwa gia ya chini maili nzima, kwa barabara nyembamba, upande mmoja mwamba na upande wa pili korongo. Mpira ukichomoka pale, oili ya moto inamwagika juu ya ekzosi, na gari linaweza kuwaka. Na kwenye usukani angekuwa Babu, mwenye nyonga ya chuma, asiyeweza hata kuruka kutoka garini.

Nje, pikapu ilikuwa inarudi nyuma polepole kulifuata trela. Ilikuwa saa tisa.

Tressa alitembea hadi dirishani kwa dereva. Miguu ilikuwa mizito kuliko ya Biskuti asubuhi ya mvua.

"Babu, zima gari."

Akazima.

"Ncha ya pili haikutuna. Kifaa hakikuzunguka. Nilivika mpira juu yake hivyo hivyo."

Babu aliiacha mikono juu ya usukani. "Nilikuuliza," alisema hatimaye.

"Uliniuliza."

"Nawe ukasema nini?"

"Nilisema ndiyo."

Tressa angependa agombezwe, ili lipite. Lakini Babu alifungua mlango tu, akashuka kwa fimbo, hatua kwa hatua.

"Dalton, lete jeki. Tressa, shika bomba. Lina moto?"

Aliligusa kwa ncha ya kidole, akakiondoa. "Lina moto."

"Basi tunasubiri lipoe. Sikupeleki chini ya oili ya moto kwa ajili ya kondoo, hata kama amechanwa."

Waliliinua gari juu ya stendi, wakasubiri. Zilikuwa dakika arobaini ndefu kuliko likizo. Babu alikaa kwenye ndoo yake, Tressa kwenye kokoto.

"Nilipokuwa na miaka kumi na tisa," Babu alianza, "nilifanya kazi kwenye gereji ya bwana mmoja mkali. Siku moja nilibadilisha gurudumu la lori la maziwa. Nati tano nilikaza. Ya sita ilikuwa imekwisha nyuzi, haikazi, na zile nyingine zilikuwa zinalegea vilevile. Bosi akaniuliza, zote zimekaza? Nikasema ndiyo. Niliona haya kusema sijui la kufanya. Akanipa lori lenyewe nilirudishe kwa mwenyewe. Nikiwa njiani, gurudumu likanipita."

Dalton alicheka, akajizuia. "Likakupita vipi?"

"Kwa upande wa kushoto, bila kutoa ishara. Lilivuka barabara, likaruka ua, likaingia bandani kwa kuku wa mchungaji. Lori nalo likalala ubavu. Maziwa yalitiririka mpaka kanisani." Aliusugua mguu wake. "Ile nyonga waliyoitoa mwaka huu, ilianza kuharibika siku ile."

Dalton aliitazama fimbo ya Babu.

"Sasa niambie," alisema Babu. "Kifaa kiligonga nini?"

"Mhimili. Kila nikifika nusu."

"Ulijaribu kufungua kishikizo cha mbele yake, bomba lishuke?"

Tressa alimkodolea macho. "Kinafunguka?"

"Nati moja. Spana ya nusu inchi."

Tressa alijishika kichwa. Nati moja.

"Tangu jana umeniuliza maswali mia," Babu alisema. "Kwa nini oili ni nyekundu, kwa nini poda, kwa nini mpira huu siyo ule. Nimeyapenda yote. Ila swali moja lililokuhusu, lile la 'Babu, nimeshindwa, nifanyeje', ukalimeza. Na ndilo lililokuwa na jibu fupi kuliko yote."

Saa kumi kasorobo bomba lilikuwa limepoa. Tressa aliingia chini, akauvua mpira, na Dalton akalala pembeni ya stendi kumshikia tochi bila kutoa hoja hata moja. Nati ililia, ikalegea. Bomba lilishuka kiganja kizima. Kifaa kilizunguka mzunguko kamili, kisha mwingine, na mdomo wa bomba ukavimba sawasawa.

"Babu," alisema Tressa, "imetuna. Lakini usiniamini. Nipe simu yako."

Alipiga picha ya ncha ya pili, akatoa mkono nje ya gari. Babu alivaa miwani, akaitazama picha muda mrefu. "Vika mpira," alisema.

Walijaza oili badala ya ile iliyomwagika, wakaijaribu injini, wakaupima usawa wa oili injini ikinguruma. Waliondoka saa kumi na moja na dakika ishirini, Biskuti nyuma akilalamika, Dalton na Tressa wamebanana mbele. Kwenye Kilima cha Pruitt Babu alitia gia ya chini. Injini ilipiga kelele, gari likapanda, mwamba upande huu, korongo upande ule. Juu kabisa Babu alisimama kando. Tressa aliruka chini, akachungulia kwa tochi, akarudi.

"Ncha ya kwanza ni kavu. Ncha ya pili ni kavu. Ila kuna unyevu kidogo kwenye kishikizo cha nyuma. Nadhani ni oili ya zamani, lakini sina hakika. Tukifika nitapapangusa nione."

"Hiyo," alisema Babu akitia gia, "ndiyo taarifa ya fundi."

Walifika langoni saa kumi na mbili kasoro dakika sita. Bi Swick, mama wa mizani, alikuwa tayari ameshika mnyororo wa kufungia. Alimwangalia Tressa aliyepakaa kutu, poda ya miguu na oili nyekundu mpaka masikioni, kisha akamwangalia Biskuti aliyeng'aa.

"Nani hapa anaoneshwa?" aliuliza.

Biskuti alipimwa ratili mia moja thelathini na mbili. Kesho yake alishika nafasi ya nne kati ya kondoo tisa, kwa sababu mbele ya mwamuzi alisimama katikati ya uwanja akakataa kabisa kutembea. Tressa alicheka pamoja na watu wengine.

Jirani yao, Bwana Lemley, aliwakuta kwenye zizi la maonyesho wakila mahindi ya kuchoma. Pikapu yake nayo ilikuwa inavuja, na alikuwa amesikia habari. "Verlin, wanasema mjukuu wako ameunga bomba la giaboksi. Kazi hiyo inachukua muda gani?"

"Muulize mwenyewe."

"Saa tatu, ukiifanya sawasawa," alisema Tressa. Alitafuna punje chache, akameza. "Mimi ilinichukua siku nzima, kwa sababu mara ya kwanza niliharibu ncha moja nikaificha. Ikabidi turudie."

Bwana Lemley aliinua nyusi, akamgeukia Babu. "Na bado unamwingiza chini ya gari lako?"

Babu Verlin alijifuta siagi ya mahindi kwenye kidevu. "Kukosea, hata mimi nakosea, nikiwa na miaka sabini na moja," alisema. "Mikono hujifunza. Ninachohitaji kutoka kwa mtu aliye mahali nisipofika ni neno lake, maana sina namna nyingine ya kuona. Jana saa nne neno lake lilivunjika. Saa tisa aliliunga mwenyewe, ingawa lango lilikuwa linakaribia kufungwa, bila kusukumwa na mtu. Nimeipima kazi hiyo juu ya Kilima cha Pruitt, Lemley. Haivuji."

Bwana Lemley alifikiri kidogo. "Basi binti, Jumatatu una nafasi?"

"Ninayo," alisema Tressa. "Lakini nitakuuliza maswali mengi."